Dawa mbili, kichupa kimoja: mwongozo kamili wa kutumia matone mseto ya presha ya macho

Umetoka kliniki ya macho, iwe Muhimbili, CCBRT Msasani, Amana, Temeke au Mwananyamala, na mkononi una cheti cha dawa mpya. Daktari amekwambia dawa uliyokuwa unatia peke yake haijashusha presha ya jicho vya kutosha, kwa hiyo sasa utatumia matone yenye dawa mbili ndani ya kichupa kimoja. Mwongozo huu ni wa siku hiyo na wa miezi itakayofuata. Wagonjwa wengi hupewa kichupa, wakaambiwa "asubuhi na jioni", basi, wakapanda daladala kurudi nyumbani. Matone haya yanahitaji maelezo zaidi ya hapo. Mtu anaweza kujikuta anatumia dawa ileile mara mbili bila kujua, na mwingine akatia kila siku huku dawa yote ikiishia shavuni.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe. Presha ya macho si ile presha ya kupanda inayopimwa mkononi, na vidonge vya presha ya damu haviitibu. Wala si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hufanya lenzi iwe na ukungu, na akitolewa kwa upasuaji mtu huona tena. Presha ya macho, ambayo kitaalamu huitwa glakoma, huua neva inayopeleka picha kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo, na sehemu ya neva iliyokufa hairudi kwa dawa, kwa miwani wala kwa upasuaji. Huanza kula pembeni mwa uwanja wa kuona, polepole, bila maumivu. Mtu anaona vizuri mbele, anasoma ujumbe wa simu, lakini bodaboda inayotokea ubavuni pale Kariakoo haioni mpaka imfikie. Matone hulinda kilichobaki. Usiyapime kwa kujiuliza kama unaona vizuri kuliko jana, maana hayo siyo kazi yake.

Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Wapo ambao presha yao iko juu lakini neva bado nzima, na wengi wao huona matone ni usumbufu wa bure. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu wa aina hiyo. Baada ya miaka 5, asilimia 9.5 ya wasiotibiwa walikuwa wamepata glakoma, na asilimia 4.4 ya waliotia matone. Hatari ilipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa sisi Waafrika jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu glakoma hutupata kwa wingi zaidi, na mapema zaidi, kuliko Wazungu.

Hatua ya kwanza: jua kilichomo ndani ya kichupa

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Usiishie kwenye jina kubwa la biashara. Tafuta kwenye boksi maandishi madogo yanayotaja dawa zenyewe. Mara nyingi utakuta timolol pamoja na moja kati ya hizi: dorzolamide, brinzolamide, brimonidine, latanoprost, travoprost au bimatoprost. Nimeziandika kama zilivyo kwenye boksi ili uzilinganishe herufi kwa herufi. Huko chini nitaziita timololi, dorzolamaidi na kadhalika.

Jicho ni kama beseni lenye bomba linaloingiza maji na tundu linaloyatoa. Maji yakiingia kwa kasi kuliko yanavyotoka, presha hupanda. Timololi, dorzolamaidi na brinzolamaidi hupunguza maji yanayoingia. Latanoprosti, travoprosti na bimatoprosti hufungua njia ya kutokea. Brimonidini hufanya yote mawili. Ndiyo maana daktari huunganisha dawa mbili zinazofanya kazi kwa njia tofauti: kila moja huongeza pale mwenzake alipoishia.

Kuziweka kwenye kichupa kimoja kuna faida nyingine. Ukitia tone la pili papo hapo baada ya la kwanza, la pili huliosha la kwanza. Kwa kichupa kimoja tatizo hilo halipo. Kemikali ya kuhifadhi dawa, ambayo huwasha na kukausha macho ya watu wengi, nayo huingia mara chache zaidi. Ubaya wake ni kwamba macho yakikataa dawa, ni vigumu kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi huanza na dawa moja kabla ya kupewa mseto.

Hatua ya pili: panga vichupa vyote vya zamani mezani

Kabla hujafungua kipya, toa kila dawa ya macho iliyomo ndani ya nyumba. Ile ya friji, ile ya kwenye mkoba, ile aliyoiacha shangazi. Kama ulikuwa unatumia timololi na sasa umepewa dorzolamaidi na timololi, ile timololi ya zamani unaiacha, isipokuwa daktari amekuambia waziwazi uendelee nayo. Kama ulikuwa na latanoprosti na umepewa latanoprosti na timololi, ya zamani nayo inapumzika. Wagonjwa wengi huongeza kichupa kipya juu ya cha zamani kwa nia njema kabisa, wakidhani dawa nyingi ndiyo nafuu nyingi. Kwa timololi, kuzidisha ni kuutwisha moyo na mapafu mzigo. Kwa latanoprosti na ndugu zake, kutia mara nyingi kuliko ilivyoandikwa kunaweza kupunguza uwezo wa dawa kushusha presha.

Angalia pia mikia ya majina ya vidonge unavyomeza. Dawa zinazoishia na "lol", kama atenolol, propranolol na bisoprolol, ni za ukoo mmoja na timolol. Ukiwa na mojawapo, mwambie daktari wa macho. Usijiachishe mwenyewe hata moja.

Hapo mezani ukikuta kichupa chenye dexamethasone, prednisolone au betamethasone, ulichonunua dukani kwa ajili ya macho mekundu au kuwasha, kiweke pembeni na uende nacho kliniki. Dawa za jamii hiyo hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu, na wenye glakoma wako hatarini zaidi. Kama uliandikiwa na daktari baada ya upasuaji, usiiache bila kumuuliza. Lakini ile ya "nipe dawa ya macho yoyote nzuri" pale dukani imewaponza watu, na inaniuma kwamba bado inauzwa kirahisi hivyo.

Hatua ya tatu: sema magonjwa yako kabla ya tone la kwanza

Tone ni dogo, lakini haliishii jichoni. Kwenye pembe ya jicho iliyo karibu na pua kuna tundu la machozi, na dawa hupitia humo hadi puani na kuingia kwenye damu. Timololi ya jichoni inaweza kubana mapafu ya mwenye pumu hadi akahitaji kulazwa. Kwa hiyo, kama una pumu, au uliwahi kuwa nayo utotoni, kama una ugonjwa sugu wa mapafu, mapigo ya moyo ya polepole au umeme wa moyo wenye hitilafu, sema kabla hujaandikiwa. Ipo michanganyiko isiyo na timololi, kwa mfano brinzolamaidi na brimonidini.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari ajue kwamba timololi inaweza kuficha moyo kwenda mbio na kutetemeka sukari inaposhuka. Jasho kwa kawaida hubaki, kwa hiyo ukitokwa na jasho la ghafla, pima. Kama uliwahi kudhurika na dawa za salfa, litaje hilo pia, kwa sababu dorzolamaidi na brinzolamaidi ni za jamii ya salfa. Mjamzito na anayenyonyesha naye aseme mapema, asisubiri kuulizwa.

Brimonidini isikae kabisa karibu na mtoto mchanga. Inaweza kumlaza usingizi mzito na kumbana pumzi. Nyumba zetu zina wajukuu wanaotambaa, basi kichupa kikae juu.

Hatua ya nne: kununua na kutunza kwenye joto la Dar

Nunua famasi yenye mfamasia, na angalia boksi: majina ya dawa yalingane na cheti, tarehe ya mwisho isiwe karibu, na utepe wa kifuniko uwe mzima. Kama dawa ni ya latanoprosti na timololi, uliza ilikuwa imehifadhiwa wapi. Aina nyingi za mchanganyiko huo zinatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kabla ya kufunguliwa. Ikitolewa kwenye rafu ya kawaida wakati boksi linasema friji, usiichukue. Mchanganyiko wa dorzolamaidi na timololi, au brimonidini na timololi, kwa kawaida hauhitaji friji, na kwa mtu ambaye nyumbani hana friji au umeme unakatika mara kwa mara, hilo ni jambo la kumweleza daktari kabla hajaandika.

Baada ya kufunguliwa, boksi la latanoprosti husema isizidi nyuzi 25. Chumba cha Mbagala au Tabata mwezi wa pili hupita hapo mchana kutwa, kwa hiyo mahali pake ni mlangoni mwa friji, isigande. Usiiache kwenye dashibodi ya gari wala kwenye boksi la bodaboda. Tone la baridi lina faida nyingine: unalisikia likigusa jicho, hivyo unajua kama limeingia au limekosa.

Siku unayofungua, andika tarehe kwenye kichupa kwa kalamu ya maka. Vingi hutupwa baada ya wiki 4, hata kama dawa imebaki. Soma karatasi ya ndani ujue cha kwako.

Hatua ya tano: funga muda wa dawa kwenye siku yako

Soma cheti kwa makini. "1x2" ni tone moja mara mbili kwa siku. Herufi za "OD" ziulizie, kwa sababu wengine huziandika wakimaanisha mara moja kwa siku, na kwenye macho zinaweza kumaanisha jicho la kulia. "BE" kwa kawaida ni macho yote mawili.

Dorzolamaidi na timololi, na vilevile brimonidini na timololi, hutiwa mara mbili kwa siku. Lenga saa 12 kati ya tone na tone: saa moja asubuhi na saa moja usiku, rahisi kukumbuka. Brinzolamaidi na brimonidini huwa mara mbili au tatu kulingana na ulivyoandikiwa. Mchanganyiko wa timololi na latanoprosti, travoprosti au bimatoprosti ni mara moja tu kwa siku. Chagua asubuhi au jioni kama daktari alivyoshauri, ubaki hapohapo.

Katika mwezi wa Ramadhani, wenye dawa ya mara mbili wana nafuu ya jiografia. Hapa Dar kutoka daku hadi magharibi ni kama saa 13, tofauti ndogo na zile 12. Tia kabla ya alfajiri na baada ya kufuturu, na dawa ya mara moja kwa siku tia usiku. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilikwishasema mwaka 1997 kwamba matone ya macho hayafunguzi, ilimradi mtu asimeze kinachofika kooni. Ukiwa na shaka zungumza na sheikh wako, lakini usikatishe dawa mwezi mzima. Siku za kawaida, tia baada ya kutawadha, usitie kabla, maji yasije yakaosha dawa.

Hatua ya sita: kutia tone lenyewe

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kama una lenzi za kuvaa ndani ya jicho, zitoe, na usizirudishe mpaka zipite dakika 15.
2. Kama mchanganyiko wako una brinzolamaidi, tikisa kichupa vizuri, kwa sababu dawa hutuama chini.
3. Kaa ukiegemea au lala chali. Kusimama mbele ya kioo kunawashinda wengi, na wazee hupata kizunguzungu.
4. Vuta kope ya chini kwa kidole mpaka kitokee kijimfuko. Tazama juu, kwenye dari, si kwenye kichupa.
5. Shika kichupa wima juu ya jicho bila ncha kugusa kope, nyusi wala jicho. Ncha ikigusa, wadudu huingia ndani ya dawa. Mkono ukitetemeka, uegemeze kwenye paji la uso.
6. Dondosha tone moja. Moja tu.
7. Fumba jicho taratibu, usilikamue na usipepese. Bonyeza kwa kidole pembe ya jicho pale linapokutana na pua, na ubaki hivyo dakika mbili hadi tatu.
8. Futa kilichomwagika kwa tishu safi, kisha nenda jicho la pili kama umeandikiwa yote mawili.

Namba 7 hapo juu ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo inayozuia dawa kukimbilia puani, kooni na moyoni. Pia hupunguza uchungu wa mdomoni unaoletwa na dorzolamaidi. Kuhusu tone moja: kijimfuko cha kope hakiwezi hata kubeba tone zima la kichupa, kwa hiyo la pili humwagika shavuni na kumaliza dawa kabla ya mwezi. Kichupa cha mililita 5, kikitiwa macho yote mara mbili kwa siku, ni matone manne kwa siku, na kwa mtu asiyemwaga kinafika karibu mwezi.

Kama una dawa nyingine ya macho, subiri angalau dakika 5, na kwa yenye brinzolamaidi subiri 10. Mafuta ya macho yawe ya mwisho.

Kwa anayemtilia mama au babu ambaye hawezi kuacha jicho wazi: alale chali akiwa amefumba, weka tone kwenye pembe ya ndani karibu na pua, kisha mwambie afumbue polepole. Tone litateleza lenyewe ndani.

Yapi uyavumilie, yapi yakukimbize hospitali

Kuwasha kwa dakika chache, ukungu mfupi wa kuona, na uchungu mdomoni ni mambo ya kawaida. Usiendeshe mpaka uone sawasawa. Latanoprosti na ndugu zake hufanya jicho liwe jekundu kidogo, kope zirefuke na ngozi ya kuzunguka jicho iwe nyeusi zaidi. Ndiyo maana ile namba 8 ya kufuta ngozi ina maana. Brimonidini huleta usingizi na mdomo mkavu, na kwa baadhi ya watu, hata baada ya miezi, macho huwa mekundu sana na kuvimba kope. Hiyo ni aleji: rudi kliniki ubadilishiwe.

Timololi inaweza kuleta uchovu, huzuni isiyo na sababu, au kupungua nguvu za kiume. Wanaume wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu ya hilo la mwisho. Mwambie daktari bila haya, dawa mbadala zipo.

Kifua kikibana, ukikosa pumzi, ukizimia au moyo ukienda polepole isivyo kawaida, acha matone na uende hospitali saa hiyohiyo. Vilevile jicho likiuma vikali, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kwenye taa, kichwa kikauma na kutapika. Hiyo inaweza kuwa presha iliyopanda ghafla, na haisubiri asubuhi.

Na tafadhali, maziwa ya mama, asali, mkojo na maji ya majani yasiingie jichoni, haidhuru nani amekushauri.

Ukisahau, ukiishiwa, na siku ya kliniki

Ukisahau, tia pale unapokumbuka. Kama muda wa tone linalofuata umekaribia, ruka lile ulilosahau, endelea na ratiba, usitie mawili kufidia. Dawa ikibaki ya wiki moja, anza kushughulikia nyingine, hasa kama unategemea bima au kuna sikukuu mbele.

Baada ya kubadilishiwa dawa, utaitwa ndani ya wiki chache kupimwa presha. Siku hiyo tia matone kama kawaida na nenda na vichupa vyako vyote. Usitie kwa bidii wiki ya mwisho tu kabla ya kupimwa. Presha itaonekana nzuri, daktari ataridhika, na neva itaendelea kufa miezi mingine yote. Kama umekuwa ukiruka siku, sema ni ngapi na kwa nini. Akidhani dawa imeshindwa wakati haikutiwa, atakuongezea nyingine usiyoihitaji.

Muulize presha anayoilenga kwenye jicho lako, uiandike daftarini pamoja na vipimo vya kila safari. Kama gharama au joto au umri vinafanya matone yakushinde, uliza kuhusu leza, yaani matibabu ya mwanga maalumu jichoni. Utafiti uliofanyika hapa nchini, katika hospitali ya KCMC Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, ulilinganisha leza na matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timololi kwa asilimia 31. Leza haimfai kila mtu, na wengine huendelea na matone baada yake, lakini ni swali halali la kuuliza.

Mwisho, kaka zako, dada zako na watoto wako waliokwisha kuwa watu wazima wapimwe, kwa sababu glakoma hutembea katika damu ya ukoo. Waambie wasiridhike na kusoma herufi ukutani wala na kipimo cha presha peke yake. Waombe neva ya jicho iangaliwe, kwa kuwa wapo wenye glakoma ambao presha yao haipiti 21.